Zote Kidogo Kidogo

Mbaruku alishatupia begi begani kukimbilia kivuko cha Magogoni, dada mwenye steshenari pale Kariakoo akamwita.

“Babu, wale wafasiri wa mtandaoni tuliowaomba kazi wamekukataa. Wanataka watu wanaojua lugha.”

Miaka arobaini kwenye malori, Lubumbashi mpaka Kampala, leo hajui lugha. Alirudi akainamia simu ya dada. Kwenye wasifu wake, Kilingala: kidogo. Kibemba: kidogo. Kiganda: kidogo. Hata Kiswahili: kidogo.

“Umeniandikia nini hapa, mwanangu?”

“Si nilikuuliza? Ukasema zote kidogo kidogo.”

“Sasa mtu mzima atajisifu mwenyewe?”

“Utabaki hivyohivyo, babu. Mimi Kilingala nimeweka fasaha.”

“Kakufundisha nani?”

“Wakongo wanaokuja kutoa kopi.” Akamsogezea simu. “Haya, bonyeza hapo penye fasaha.”

Kidole cha Mbaruku, chenye ukucha uliowahi kupondwa na mlango wa lori, kilisimama juu ya neno lile. Akakirudisha mfukoni.

Dada alikubaliwa. Kilingala kikimshinda humpigia Mbaruku huko Kigamboni, naye humfasiria neno kwa neno. Kwenye wasifu wa mzee, zote bado kidogo.