Ombi la Pili la Mukiri

Mukiri alipiga magoti kando ya kitanda chake, na juu ya kichwa chake hapakuwa na paa. Jua la saa nane lilimchoma kisogoni. Alifumba macho, akashusha sauti ili mumewe asimsikie kule uani.

"Bwana," alisema, "yale niliyosema kanisani saa sita ni ya watu wote. Haya sasa ni yangu. Mvua isinyeshe kwanza."

Mukiri ndiye aliyekuwa kiongozi wa maombi ya akina mama pale Kiirua. Oktoba ilikuwa inaisha bila mvua, na Jumapili Mchungaji Naftaly alikuwa ametangaza wiki nzima ya kumwomba Mungu anyeshe. Kila siku saa sita watu waliacha majembe wakaja kanisani. Mchungaji alifungua kwa maneno machache, kisha akampisha Mukiri. Naye Mukiri alipoomba, aliomba. Alilia mpaka leso ikalowa, na wazee waliosinzia wakaamka wakisema amina. Maombi yakiisha, mchungaji alikuwa wa kwanza kutoka nje na kutazama mawingu. Watu walisema hiyo ndiyo imani.

Lakini Jumamosi, siku moja kabla ya tangazo hilo, mumewe Kathuri alikuwa ameng'oa mabati yote ya zamani yaliyooza kwa kutu. Mabati mapya yalikuwa yameegemezwa ukutani, tayari. Fundi naye akateleza kwenye ngazi akiwa kazini kwa watu wengine, akateguka mguu, akatuma ujumbe kwamba angekuja Ijumaa. Magodoro, nguo, magunia mawili ya mahindi na picha ya harusi yao vilikuwa wazi chini ya mbingu. Kathuri alisema mvua ikija watahamia zizini kwa ng'ombe, ambako kuna paa, akaendelea kukata nyasi. Mukiri ndiye aliyekosa usingizi.

Mwanzoni alijaribu kuomba kwa haki. Alimwambia Mungu anyeshe kote, ila apite kando ya boma lao. Kisha akaona aibu kumpangia Mungu mipaka ya mashamba, akaomba tu asubiri hadi Ijumaa jioni.

Jumatatu mawingu meusi yalishuka kutoka upande wa mlima. Mukiri alikimbia chumbani akapiga magoti. Kabla hajasema amina, upepo ulikuja ukayafagia yote. Jumanne ikawa vivyo hivyo, na hapo Mukiri akaanza kujiogopa. Miaka ishirini alikuwa ameombea wagonjwa, mitihani ya watoto na ndoa za watu, na hakuwahi kujibiwa haraka namna hiyo.

Jumatano, alipokuwa akiinuka kutoka kwenye ombi lake la saa nane, mtu alibisha hodi mlangoni. Alikuwa jirani yao, mzee Salesio, ambaye mkewe alifariki mwaka uliotangulia. Alikuwa amepanda maharagwe mapema, yakachipuka kwa manyunyu kidogo, na sasa yalikuwa yanajikunja. Mbegu nyingine hakuwa nayo. Mkononi alishika kibuyu cha maziwa.

"Nimekuletea haya ya kulainisha koo," alisema. "Wengine wetu tunaomba, lakini hatujui kuomba kama wewe. Usichoke, Mama Kinoti."

Mukiri alipokea kibuyu kwa mikono miwili na hakuweza kumtazama usoni. Mzee alipoondoka, alikaa kitandani, akatazama mbingu mahali pa dari, akalia machozi ambayo hayakuwa ya kanisani.

Kisha akapiga magoti mara ya mwisho. Alimwambia Mungu kwamba ameliondoa lile ombi. Inyeshe leo, inyeshe sasa, magodoro yalowe. Akamwita Kathuri, wakahamisha mahindi hadi zizini, na picha ya harusi akaifunga kwa nailoni. Kathuri aliuliza kulikoni. Mukiri alijitanda leso akashika njia ya kanisani, maana alijua hawezi tena kusimama mbele ya watu bila kusema ukweli.

Alimkuta Mchungaji Naftaly ofisini peke yake. Alimweleza yote akiwa amesimama: paa, fundi, mawingu ya Jumatatu, maharagwe ya Salesio. Alisema kwamba ni yeye aliyeifungia Kiirua mvua kwa siku tatu. Aliomba aondolewe uongozi, upewe mtu ambaye anachoomba hadharani ndicho anachoomba chumbani.

Mchungaji aliinamisha kichwa. Aliigeuza kalamu mezani mara mbili, tatu. Mukiri alisubiri kukemewa. Nje radi ilinguruma, mbali, kisha karibu. Mchungaji aliruka kama aliyechomwa, akakimbilia dirishani. Matone ya kwanza yaligonga bati la kanisa, moja, moja, halafu yote kwa pamoja, na kutoka sokoni watu wakasikika wakipiga vigelegele.

Mchungaji aliendelea kutazama nje, upande wa kiwanja chake.

"Nimefyatua matofali elfu mbili, Mama Kinoti," alisema hatimaye, "na yote bado ni mabichi. Tangu Jumapili namsihi Mungu azuie mvua mpaka yakauke. Na sikuona ubaya wowote, kwa sababu nilijua maombi yangu hayawezi kushinda yako."