Mama wa Kijani

Nilivuta shuka mbele ya wageni wote, na uso wangu ulikuwa wa kijani.

Si kijani cha kubahatisha. Kijani cha mchicha, na zambarau chini ya pua. Binti yangu Clara anasomea uchoraji Houston, na picha hiyo ya uso wangu ndiyo zawadi aliyoniletea hapa kwangu Mansfield siku natimiza miaka sitini.

"Hilo ni ini," alinong'ona nesi mwenzangu.

"Na midomo ya bluu? Oksijeni imeshuka," akajibu mwingine. Ukimtoa mchungaji wetu, sebule nzima ilikuwa manesi tu.

Clara alikaribia kulia. "Mama, please. Picha za akina Van Gogh zilipopelekwa London, watu wazima walizicheka. Wachoraji vijana wa Kiingereza ndio walizielewa. Rangi haifuati ngozi, inafuata unavyomwona mtu."

"Kwa hiyo mimi unaniona mchicha?"

Mchungaji wetu hakungoja jibu. Alisimama, akaiwekea picha kiganja kwenye paji la uso, akafumba macho, akaliombea ini langu kwa sauti ya kutikisa madirisha. Kila alipotaja uponyaji, alisukuma.

Alipoutoa mkono, kiganja kilikuwa cha kijani. Rangi ilikuwa bado mbichi.

Clara alipiga yowe. Mimi nikaisogelea picha. Unyusi wangu mmoja ulikuwa umeburutwa hadi kwenye nywele, vilevile ninavyouinua mtu akinidanganya.

"Usiguse tena, Mchungaji," nikasema. "Huyo sasa ndiye mimi."