Wa Kumwangalia Mwanakombo

Nesi aliuliza kama Mwanakombo alizimia alipoanguka ngazini. Saumu, mama yake, wakati huo alikuwa kazini, hakujua.

"Hakuzimia," alisema Hidaya, mke mwenzake. "Ila aliniuliza swali lile lile mara tatu, kisha akatapika."

"Bi mdogo, umeulizwa wewe?" Saumu alidakia.

"Da Saumu, hayo tukayamalize nyumbani."

Nesi alieleza kwamba ubongo umetikisika. Mtoto apumzike, asikimbie, na mtu anayemjua vizuri amwangalie kutwa nzima.

"Kesho nani atakuwa naye?"

Saumu alikuwa na zamu. Mtoto, aliyejilaza mapajani mwake, alikuwa ameshika ncha ya kanga ya Hidaya. Saumu akaanza kuvifungua vidole vile kimoja kimoja, na kwenye cha mwisho akasita.