Mgeni Asiyetazama Faru

Faru alikuwa amesimama mbele yao, anatafuna majani ya kichaka bila haraka, na kila mgeni alikuwa amemkodolea macho isipokuwa yule mama. Yeye alikuwa anamtazama Nicolaus.

Alikuwa anamtazama hivyo tangu asubuhi. Nicolaus, ambaye ndiye aliyekuwa akiwaongoza, alijikaza akaendelea na kazi. Alitikisa kifuko chake cha majivu na kuona unga wake unapeperukia upande wao. Upepo ulikuwa unatoka kwa faru kuja kwao, kwa hiyo walikuwa salama. Faru haoni mbali, ila pua yake haina mchezo.

Nicolaus alikuwa bado wa majaribio. Ofisini walimwambia kwamba kati ya wageni wa leo yumo mtu aliyetumwa kumkagua, wakakataa kumtaja. Akifaulu, anaajiriwa. Akiajiriwa, baba yake mkubwa, Mzee Wanzagi, atakwenda Jumamosi kumposea Gloria. Asipoajiriwa, posa hakuna, kwani mzee aliapa kwamba ng'ombe wake hawatoki zizini kwa ajili ya kijana asiye na kazi ya kueleweka. Ndiyo maana miguu ya Nicolaus ilikuwa inamtafuta faru, lakini moyo wake ulikuwa unamtafuta mkaguzi.

Haikumchukua muda kumpata: ni yule mama tu. Wageni wengine walikuwa vijana wawili wenye kamera, na Jabiri, muuza magodoro wa Nyakato, ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Mama alipanda gari Musoma, peke yake, khanga mabegani na raba mpya miguuni. Alipoulizwa jina alisema aitwe mama tu, inatosha.

Waliposimama Bunda kunywa chai, Fredi, dereva wao, alimwona mama mkwe wake akivuka barabara na ndoo ya dagaa. Alizunguka gari mbio, akachuchumaa nyuma yake mpaka mama wa watu alipopita. Vijana wenye kamera walipotaka kujua kulikoni, Fredi aliwaeleza kwamba kwao ukishapeleka ng'ombe wa mahari, wewe na mama wa mkeo hamtazamani usoni wala hampeani mkono, na mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Jabiri alicheka mpaka chai ikampalia, akasema watu wa Mara wanamwogopa mkwe kuliko faru. Mama hakucheka. Alikuwa anavitazama viatu vya Nicolaus, aone kama vimepigwa kiwi.

Walipoanza kutembea kwa miguu, pamoja na askari wa hifadhi mwenye bunduki, mama alijiweka nyuma ya Nicolaus pale pale, na maswali yakaanza. Je, anakunywaga pombe? Akikasirika anafanyaje? Huo mguu unaochechemea kidogo, ni ajali au amezaliwa nao? Nicolaus alijibu yote kwa adabu. Bia moja siku ya sikukuu, akikasirika ananyamaza, mguu ni mambo ya mpira. Aliona ni maswali ya haki, ya usalama wa wageni. Swali la kama anakoromaga ndilo lililomtatiza, akajiambia labda kampuni ina mpango wa safari za kulala porini.

Kwenye kijito mama alisimama, akazitazama raba zake mpya, akayatazama maji. Nicolaus hakungoja kuombwa. Aliinama, akambeba mgongoni, akavuka naye huku Jabiri akishangilia. Mama hakuwa mwepesi hata kidogo. Katikati ya maji alimuuliza sikioni kama anachoka, naye akajibu kwamba hachoki, ingawa magoti yalikuwa na maoni mengine.

Sasa upepo uligeuka, na faru akainua kichwa.

Alikoroma mara moja, akaja. Nicolaus alinong'ona kila mtu aingie nyuma ya miti, yeye akabaki mbele ametanua mikono, yule askari pembeni yake. Hakusogea mpaka alipohakikisha hata mama amejificha. Faru alifunga breki, akapuliza vumbi, akawaza mambo yake. Kisha aligeuka na kuondoka mkia juu.

"Hakukimbia akatuacha," mama alisema taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe.

Nicolaus alilisikia neno hilo, akajihesabu ameshaajiriwa.

Jioni gari lilipoishika barabara ya kurudi Musoma, Jabiri alimgusa bega.

"Sikia, kijana. Aliyetumwa ni mimi. Magodoro nauza kweli, ila tajiri wako ni shemeji yangu. Kazi umepata."

Nicolaus alimshika mikono yote miwili. Vijana wa kamera walimpigia makofi, Fredi akapiga honi barabara nzima. Ilipita kitambo kabla Nicolaus hajageuka kumtazama mama, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anatazama nje ya dirisha.

Kwenye njia panda ya Butiama mama aliomba ashushwe. Nicolaus aliruka chini upesi, akamfungulia mlango, akampa mkono wa kumsaidia. Hakuupokea. Alishuka mwenyewe kwa kujivuta, akajitanda khanga mpaka usoni, akampa mgongo.

"Leo nimekutazama ya kunitosha," alisema akiwa ameelekea mashambani, "maana Jumamosi ng'ombe wakishaingia zizini kwetu sitakutazama tena. Mwambie Mzee Wanzagi asichelewe. Na Gloria asijue kwamba ulinibeba."

Nicolaus alizunguka upande wa pili wa gari, akachuchumaa.