Jiko la Ng'ambo ya Mpaka

Dawa ya moyo ya mama yangu ilifanya kazi tu katika nchi ambako hataza, ile haki ya kampuni kuitengeneza peke yake, ilikuwa imekwisha. Kila kidonge kilikuwa na jicho lililoitambua ardhi. Likiwaka kijani, dawa iko macho; likizimika, imelala, hata ikiwa tumboni.

Nyumba yetu iko Isebania, upande wa Kenya, na hapo kampuni ilikuwa imebakiwa na miaka sita. Jiko letu la nje liko ng'ambo ya jiwe la mpaka, Tanzania, ambako haki hiyo ilishakwisha. Basi mama akawa anaishi jikoni, analala kando ya mafiga.

Wakwe walipokuja kumposa binti yangu Ghati, niliona haya. Nani humweka mamaye jikoni mbele ya wageni?

"Mama, njoo sebuleni. Ni siku mbili tu."

"Boke mwanangu, dawa itanilalia huko."

"Watasema tumekutupa jikoni kama kuni."

Alinitazama, akajifunga kanga yake mpya, akaja. Aliwachekesha wakwe mpaka wakafuta machozi. Asubuhi ya pili tulimkuta kwenye kochi, ameshaondoka, kopo la vidonge mapajani, macho ya vidonge yote yamezimika.

Nililitia kopo kabatini, sikulifungua tena. Miaka sita imepita; Ghati sasa ana watoto watatu.

Jana nilikuwa nafagia sebule. Kabati likaanza kuwaka kijani.