Ukoko wa Bibi

Bangili ya mtoto ya kupima mlo ikiwaka nyekundu kwa mafuta kuzidi mara tatu kwa mwezi, mtoto huchukuliwa kwenda bweni la lishe. Ya Tausi, mwenye miaka sita, ilikuwa imeshawaka mara mbili. Mama yake, Mwanaidi, alipika wali kwa kijiko kimoja cha mafuta, akapakua, kisha akausugua ukoko sufuriani mpaka ukaisha.

“Bibi huniwekea ukoko,” Tausi alisema.

“Bibi kasafiri.”

“Mbona namsikia akikohoa nje?”

Mwanaidi alimsogezea mchicha. Mama yake alikuwa barazani tangu asubuhi, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Tausi alipomaliza mchicha, bangili iliwaka kijani. “Hongera, familia,” ilisema.

“Mwanangu,” bibi aliuliza kutoka nje, “ameshiba?”