Hesabu za Leonia

Siku ya nne Leonia akiwa ndani ya chumba kile, mwanawe wa miaka miwili, Kindness, alijifunza kugonga mlango.

"Mama, toka!"

Mama mkwe wake, Mama Ombeni, akaja mbio akamnyanyua mtoto. Kilio kikahamia uani. Leonia akauma kanga, akarudi kwenye kompyuta.

Alikuwa akisomea shahada ya uzamivu ya fizikia, na utafiti wake ulihusu jinsi mionzi inavyoua seli. Kwenye skrini, mionzi ilipenya seli na kukata nyuzi za vinasaba. Ukikatika uzi mmoja, seli hujitibu. Zikikatika zote mbili mahali pamoja, mara nyingi hufa. Leo aliweka seli za mtoto mdogo. Akaandika umbali: mita moja. Matokeo yakaja, akafuta. Mita mbili. Akafuta tena.

Dirisha lilikuwa na nondo. Kupitia hapo aliwasikia watu wa mtaa wao wa Maisaka wakipukuchua mahindi na kucheka. Chakula kiliachwa sakafuni nje ya mlango, na Mama Ombeni aliondoka haraka, asimwone hata uso.

Saa nne asubuhi jirani yao, Scholastica, akaingia uani.

"Shikamoo, Mama Ombeni. Mama Kindness yuko wapi?"

"Marahaba. Amepumzika."

"Siku nne? Mtoto analia mpaka kwangu nasikia! Mmemfungia mwenzenu kama mbuzi?"

"Mambo ya nyumba hii tuachie wenyewe, mwanangu."

"Siachi! Kama Ombeni hataki mke wake asome, akaseme mbele ya mwenyekiti wa mtaa."

Hatua zikaja kwa kishindo hadi mlangoni. Leonia akasimama.

"Mama Kindness, nipo hapa! Nakutoa sasa hivi!"

Scholastica alipapasa mlango akitafuta kufuli. Hapakuwa na kufuli. Akausukuma kwa bega, mara moja, mara mbili. Komeo la ndani likaanza kulegea.

Leonia akaruka, akalikandamiza komeo kwa mikono yote miwili, machozi yakimtiririka.

"Rudi nyuma, dada, una mimba! Dawa ya saratani niliyomeza ni ya mionzi, na sasa mionzi inatoka kwangu mimi."